Kiti cha Dirishani Kilichorudi Kitupu

Marefa wenzangu,

Tangu nirudi mmeniandikia kila mmoja kwa mtindo wake. Wa Mwanza kauliza kama viwanja vya Ulaya vina nyasi za kweli. Wa Dodoma, bahili wa maneno kama tunavyomjua, katuma alama ya kuuliza peke yake. Lakini swali lenu ni lile lile: ilikuwaje Saidi akatoka Kigoma kwenda Ubelgiji kumchukua mama yake, kisha akarudi peke yake, kiti cha dirishani cha mama kikiwa kitupu? Mmoja wenu amekwisha kunipa pole ya msiba. Hapana, mama yu hai. Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika mara moja mwanzo hadi mwisho, na atakayenikatiza nitamtolea kadi.

Kwanza mjue nilichokwenda kufanya. Mama yangu, Bi Mwamini, ana miaka sabini na minne. Miaka miwili na nusu iliyopita alikwenda Brussels kwa mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa amejifungua pacha. Tulikubaliana akae mpaka watoto watembee. Watoto wakatembea, wakakimbia, mama hakurudi. Kila Ijumaa alitutumia ujumbe wa sauti, nasi tukauweka sauti ya juu pale barazani kwangu Ujiji, ndugu na majirani wakasikiliza. Maneno yalikuwa yale yale: baridi imemwingia mifupani, magoti yamegoma, chakula hakina ladha, hali hivyo hivyo tu, tunasukuma. Dada yetu mkubwa, Mwajuma, akawa analia kila Ijumaa. Tukakaa kikao cha ndugu. Nusu saa haikuisha, uamuzi ukatoka: mama anateseka, Saidi aende amlete. Nikapiga rangi chumba cha mbele na kununua kitanda kifupi, asipate tabu ya kupanda na magoti yake.

Mnanijua. Miaka ishirini na mbili nimepuliza kipenga, na mnakumbuka mlivyokuwa mkinitania kwamba mshika kibendera wangu angeweza kulala usingizi mechi nzima nisijue. Nilichokiona mimi ndicho kilichotokea. Ni kwa akili hiyo nilipanda treni.

Kigoma hadi Tabora

Chumba chetu kilikuwa cha wanaume sita, na kabla treni haijaondoka ugomvi ukazuka juu ya kitanda cha chini. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa, mtu wa maneno mengi, alisema mgongo wake ni mbovu na hawezi kupanda juu. Aliyekuwa amekikalia ni mtu mkimya mwenye koti refu, ambaye hakujibu kitu. Watu wakanitazama, maana mfanyabiashara alinifahamu tangu enzi za mpira. Nikaamua papo hapo: mwenye mgongo alale chini, bwana wa koti apande. Bwana wa koti akapanda pole pole, na sisi tukapongezana kwa kumaliza jambo.

Asubuhi yake, karibu na Tabora, nilimwona akishuka kwenda kunawa. Suruali yake ilikuwa imepanda kidogo. Mguu wake wa kulia, kuanzia gotini kwenda chini, ulikuwa wa bandia.

"Ndugu yangu, mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umeshaamua," akajibu, bila hasira, akaendelea kunawa.

Mbele ya Tabora mvua ilikuwa imekula tuta la reli, tukakaa kwenye kituo kidogo siku nzima na nusu. Nilimpa bwana yule kitanda changu, nacho kilikuwa cha katikati, akakataa, nikamlazimisha, akakubali ili ninyamaze. Tulikula mihogo ya kuchemsha na kuku wa kienyeji mgumu ajabu, vilivyouzwa dirishani. Akaniambia yeye ni fundi saa. Nikanunua asali chupa mbili za mama. Nilijilaumu kwa saa kadhaa, kisha nikajisamehe. Niliona ni kosa la chumba kimoja tu, halina uhusiano na safari yangu.

Dar es Salaam hadi Addis Ababa

Dar sitaieleza, mnaijua. Niseme tu kwamba begi langu, lenye dagaa wa mama, lilinuka kiasi kwamba foleni yote uwanja wa ndege ilinipisha kwa hiari.

Ndani ya ndege walitugawia vitambaa vidogo vya moto vilivyokunjwa, tukajifuta mikono. Nikaupenda sana ustaarabu huo. Tulipofika Addis Ababa tukaambiwa ndege ya Brussels imeahirishwa kwa saa kumi na moja, tukapewa karatasi za chakula. Nilikaa meza moja na mzee wa Lubumbashi, mwenye suti na kofia, aliyekuwa akienda kuwaona wajukuu. Sahani ikaletwa, na pembeni yake vitu vya rangi ya kijivu vimekunjwa vizuri, laini, vina ubaridi. Nikachukua kimoja, nikakikunjua, nikajifuta mikono yote miwili na kisha shingo.

Mhudumu alisimama akiwa ameduwaa. Mzee wa Lubumbashi akanitazama mara moja tu. Kisha akachukua chake, akakikunjua taratibu, akajifuta na yeye mikono, kidole kwa kidole.

"Bon, papa," akasema, "sasa tukule."

Nilikuwa nimekula nusu sahani nilipoona meza zote wanamega vitambaa vile na kuvila. Ulikuwa mkate wao. Nikamgeukia mzee.

"Mzee, ulijua?"

"Minajua, papa. Minapitaka hapa kila mwaka."

"Sasa mbona na wewe ulijifuta?"

Akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Nilitaka nikuache peke yako?"

Nimewasimulia hili wengi na wote wanacheka sehemu ya kujifuta shingo. Mimi siku zile nami niliona ni kichekesho tu.

Uwanja wa ndege hadi Laeken

Tulitua Brussels asubuhi, mvua nyembamba inanyesha. Nikatoka na begi langu la dagaa nikitafuta uso wa Zuhura. Hakuwepo. Simu yake imezimwa. Nikakaa kwenye benchi saa tatu, nikiwatazama watu wakikumbatiana, na kila saa ilipopita hasira yangu ilinenepa. Safari yote hii, na mtu wa kunipokea hakuna.

Mwisho akaja shemeji yangu Ramadhani, mume wa Zuhura, anakimbia. Ramadhani ni mtu wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Alikwenda Ubelgiji mkimbizi akiwa kijana, sasa anaendesha gari la kusambaza mikate.

"Shemeji Saidi! Pole, pole sana. Nimechelewa, donc leo tangu alfajiri ni mbio tu. Watoto nimewaacha kwa jirani."

"Zuhura yuko wapi?"

"Yuko na maman. Wameitwa."

"Wameitwa wapi?"

"Kuna kazi kidogo."

Nikasimama. "Kazi? Mama yangu huku anafanya kazi?"

Ramadhani alitazama viatu vyake. "Shemeji, hiyo atakuambia mwenyewe. Mimi sina ruhusa."

Njia nzima hadi Laeken, mtaa wanakokaa, nilitazama majumba marefu yamelowa, na katika kila moja nilimwona mama yangu akipiga deki ngazi za watu. Nikamkumbuka Mwajuma anavyolia. Nikajiambia, kumbe ndiyo sababu hawakumrudisha.

Nyumba yao ipo ghorofa ya nne, safi, na picha ya marehemu baba yetu ipo ukutani, kubwa kuliko niliyonayo mimi. Ramadhani akapika ndizi na maharage kwa mtindo wa kwao. Nikasusa kula ili ajue nimekasirika. Harufu ikanishinda, nikala sahani tatu, na nilikuwa bado nimenuna.

Mama alirudi alasiri. Amevaa koti zito na soksi mbili mbili, kanga kichwani. Alinikumbatia mlangoni tukakaa hivyo muda mrefu, na nilipomshika mikono nikaona vidole vyake vimekunjamana kwa maji, kama vya mtu aliyefua kutwa. Kifuani alinuka kafuri. Nikajua anaumwa kifua na wanamchua kwa kafuri, na bado wanamfanyisha kazi. Sikungoja avue koti.

"Mama, tumekaa kikao. Nimekuja kukuchukua. Chumba chako tayari, nimekipiga rangi. Tunaondoka baada ya wiki mbili."

Zuhura, aliyekuwa nyuma yake, alifungua kinywa. Mama akamgusa mkono. Akanitazama machoni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Basi pumzika, mwanangu. Umetoka mbali."

Hakusema zaidi. Nikachukulia kwamba akinyamaza amekubali, nikamtumia Mwajuma ujumbe saa ile ile: Mama amekubali. Huko nyumbani wakaanza kupanga maulidi ya kumpokea.

Laeken hadi Porte de Namur

Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu ushahidi. Zuhura alitoka asubuhi kwenda Etterbeek, anakofanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na nikasema moyoni, anawatunza wazee wa watu, wake kamwacha na pacha. Mara mbili simu ya mama ililia, akasikiliza, akavaa koti, akatoka na kikapu. Mara zote mbili alirudi kimya, akaoga, akalala. Nilipouliza alijibu, "Nilikuwa na wenzangu." Nikamkaripia Zuhura jikoni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, machozi yanamlenga.

"Kaka, umwulize mama," akasema. "Mimi aliniapisha."

Sikumwuliza. Nilikuwa tayari najua.

Siku ya tisa mama akaniambia, "Nisindikize Porte de Namur, nina vitu vya kununua." Nikafikiri nitamshika mkono kwenye treni ya chini ya ardhi. Yeye ndiye aliyenishika mimi. Alijua lango la kutokea na ngazi isiyofanya kazi. Tulipotoka juu na kuingia mitaa ya Matonge, penye maduka ya Waafrika, nikapatwa na jambo nisilolitegemea: kila baada ya hatua kumi mtu anamsimamisha. Mwanamke wa saluni aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akaja nje kumshika mikono. "Maman Mwamini! Magoti?" Mama akajibu kwamba magoti ni mabaya, asante.

Tukaingia duka la Maman Ngoie. Huyu ni Mkongo wa Likasi, Mkristo, mwanamke mpana wa sauti na wa umbo, anayeuza samaki wa chumvi, majani ya muhogo na vitambaa. Mama akaenda chumba cha nyuma na wanawake wawili waliokuwa wakimngoja, nikasikia mkasi ukikata kitambaa. Mimi nikabaki mbele.

"Njo weye mutoto ya maman Mwamini?" Maman Ngoie akaniuliza. "Ikala, papa, ikala. Utakunywa thé?" Akanisogezea kiti.

Nikamweleza, kwa fahari, kwamba nimekuja kumrudisha mama nyumbani. Akaweka chini kisu cha samaki.

"Kumubeba? Alors, yeye alikuambia anataka kwenda?"

"Tulikaa kikao cha familia."

"Bon. Na yeye alikuwa mu kikao?"

Nikasema mama amechoka, kila wiki analalamika, na huku wanamfanyisha kazi. Maman Ngoie akafuta mikono kwa aproni, akaja kukaa mbele yangu.

"Nikuambie kitu, papa. Mimi nilikuwa na dada, Odette. Aliolewa na muislamu ya Bujumbura, akaingia mu dini ya bwana yake. Alikufa hapa, mwaka yenye ilipita. Bon, sisi kwetu tunajua kuvalisha muntu yetu, tunajua kuimba. Ile ya kwao hatuijue. Na bamama ya kwao hapa, bengi balikimbiaka vita bakiwa batoto. Hakuna mwenye alibafundisha. Banaogopa. Donc banasema na mi: njo kuna maman moja ya Kigoma."

Nikaacha kunywa chai.

"Maman yako akakuja na mvua. Alinikuta mu couloir, inje ya chumba, ninalia. Hakuniambia, we si wa dini yetu, toka. Aliniuliza: dada yako alipenda maji ya moto, ao ya baridi?" Akanisogelea. "Papa, mu ile hôpital yote, hakuna muntu alishaniulizaka kitu juu ya Odette. Nikamwambia, alipenda ya moto. Kila siku tuligombana juu ya maji ya moto. Akageuka kwa benzake akasema: haya ni baridi, ongezeni ya moto."

Kule nyuma mkasi ulikuwa umenyamaza.

"Tangu ile siku njo maman yangu na mimi. Sasa ukimubeba, sisi tutabakia na nani?"

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimeikumbuka ile harufu. Kafuri. Marefa wenzangu, mama yangu alikuwa mwosha maiti Ujiji kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa anaitwa, anatoka na beseni lake, anarudi kimya ananuka kafuri na vidole vimekunjamana kwa maji, na sisi watoto tulikatazwa kumwuliza, kwa sababu mwosha hasemi alipotoka wala alichokiona. Nimelelewa na harufu ile. Mama alinikumbatia nayo mlangoni, na mimi nikaamua kwamba ni dawa ya kifua.

Nilijisikia mdogo kuliko nilivyowahi kujisikia uwanjani, hata siku ile mashabiki wa Tabora waliponifungia chumbani.

Porte de Namur hadi Laeken

Kurudi tulipanda tramu, tukashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani kwa sababu mama alitaka kukaa kwenye benchi lake. Ana benchi lake. Mvua ilikuwa imekatika. Akaweka kikapu cha bafta nyeupe ya sanda katikati yetu.

"Mama," nikasema, "wewe unataka nini?"

Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Swali hilo umelibeba tangu Kigoma, ndio kwanza unalitua?"

"Nisamehe."

"Mwajuma kanipigia jana. Kaniambia nimekubali kurudi, wanatafuta mchele wa maulidi. Nikashangaa, nimekubali lini?"

Nikainamisha kichwa. Akaniacha niiname kidogo, kisha akanieleza. Wanawake anaowafundisha kuosha maiti ni watatu. Wawili wameshaiva. Wa tatu bado mikono inamtetemeka, ila ndiye mwenye huruma kuliko wote, na hataki kumwacha katikati. Baridi ni kweli inamla. Magoti ni kweli yanauma. Chakula cha Ramadhani ni kitamu kuliko changu na asingependa niliseme hilo Ujiji.

"Sasa kwa nini kila Ijumaa unatuambia unateseka?"

"Ulitaka niseme nini? Simu mnaiweka sauti kubwa barazani, si ndiyo? Nani anakaa hapo?"

Nikamtajia. Nilipofika jirani yetu mmoja, nitamwita Bi Tatu, nalo silo jina lake, mama akainua kidole.

"Huyo. Wanawe wawili wapo huku Ulaya. Mwaka wa tatu hawajampigia simu. Niseme mbele yake kwamba mwanangu ananilea, mkwe wangu ananipikia, mtaani napendwa? Ajisikieje akirudi kwake? Nikisema baridi na magoti, angalau atasema, afadhali mimi niliye nyumbani." Akavuta kanga. "Na tangu lini mtu akajisifia hali mbele ya watu? Nilidhani wanangu mnanielewa."

Nilidhani wanangu mnanielewa. Hilo lilinichoma. Kwa sababu ndivyo tulivyo sisi wote. Nikiulizwa hali nami hujibu hivyo hivyo tu, tunasukuma, hata nikiwa nimeshiba. Sijui kwa nini nilidhani mama yeye anasema neno kwa neno.

"Na wewe?" akauliza ghafla. "Unakula na nani?"

"Nakula tu, mama."

"Mimi nilikuwa nakusikiliza, Saidi. Kila ujumbe wako nasikia sufuria, sisikii sahani. Unakula jikoni umesimama."

Ni kweli. Tangu mke wangu Asha afariki, miaka miwili karibu, nala nimesimama. Hakuna mtu nimewahi kumwambia. Nikalia pale kwenye benchi, mtu mzima, watu wa Laeken wanapita na mbwa wao, na sikujali.

"Chumba umekipiga rangi kwa ajili yangu," mama akasema, "lakini aliyechoka ni wewe."

Halafu akasema jambo ambalo ningeweza kuwaficha, ila nimeahidi mwanzo hadi mwisho. Alisema: "Asha aliondoka mimi nikiwa huku. Nimeosha watu maisha yangu yote, na mkwe wangu mwenyewe akaoshwa na wengine. Simu ya kwanza ilipokuja hapa, mtu ananiomba, ilikuwa wiki ile ile. Nilikwenda kwa ajili yake. Bado nakwenda kwa ajili yake."

Nikamwuliza lililokuwa linatutisha sote kule nyumbani: na je, akifia huku? Nafasi yake ipo pale Ujiji, pembeni ya baba.

"Baba yako hana shida, kaburi halina baridi," akasema. "Nikifia huku nitazikwa huku, na wataniosha hawa watatu, maana mikono yao naijua. Huko nyumbani nani amebaki?"

Nikawahesabu wanawake aliokuwa akitoka nao na beseni. Wote wamekwisha tangulia.

"Nitakuja kuwaona," akaongeza. "Ila siku yenyewe nitaitaja mimi."

Kurudi

Wiki ya mwisho nilikula mezani, na sahani. Nilimwomba Zuhura msamaha jikoni pale pale nilipomkaripia, akaniambia, "Kaka, nilikuwa nangoja mechi iishe." Ramadhani nilimpa chupa moja ya asali na nikamwoshea vyombo siku tatu mfululizo. Maman Ngoie alinipa samaki wa chumvi, kwa hiyo begi langu lilirudi na harufu mbaya kuliko ya kwendea.

Asubuhi ya kuondoka mama hakuja uwanjani. Aliitwa. Aliniaga mlangoni amevaa koti, kikapu mkononi, na safari hii sikuuliza anakwenda wapi. Nilimwuliza tu kama maji yatakuwa ya moto. Akanipiga kibao kidogo cha shavu, kama nilipokuwa mtoto.

Ndani ya ndege kiti cha dirishani kilibaki kitupu. Nikaweka koti langu hapo, nikaliondoa, mwisho nikakiacha hivyo hivyo. Mkate wa Addis niliula wote.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mwajuma hakusema nami siku tisa. Kikao kikaitishwa, nikasimama kama mtuhumiwa, na niliposema tumpigie mama wenyewe tumwulize, mjomba mmoja alisema hilo nalo ni wazo, kama vile ni uvumbuzi. Tulimpigia. Mwajuma akazungumza naye chumbani peke yake, mlango umefungwa, zaidi ya saa nzima. Alitoka macho mekundu, akaniuliza kama nimekula, nami nikajua yameisha.

Ijumaa iliyopita ujumbe wa mama ukaingia kama kawaida. Barazani tulikuwa wachache, na Bi Tatu alikuwepo, na kahawa yake. "Weka tumsikie mwenzetu," akasema. Nikaweka sauti ya juu. Baridi, mama akasema. Magoti. Chakula hakina ladha. Hivyo hivyo tu, tunasukuma.

Zamani ningekuwa nasikiliza maneno hayo tu. Safari hii nilisikia yaliyo nyuma yake: pacha wanagombana kwa Kifaransa, sahani zinapangwa, mtu anacheka kicheko cha Ramadhani, na kwa mbali sauti pana ya Maman Ngoie ikimwita mezani, "Maman, kuya, bintu inapoa!" Nikazirudia jumbe za zamani baadaye. Yote yalikuwamo, tangu mwanzo, wiki baada ya wiki.

Bi Tatu akatikisa kichwa, akavuta kahawa yake, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Maskini Mwamini," akasema. "Afadhali sisi tulio nyumbani."

"Kweli, Bi Tatu," nikamjibu. "Mama anapata tabu sana."